Goti la chuma limeingia wadudu: lioshwe, libadilishwe siku moja, au kwa awamu mbili? Na je, mwanamke na mwanamume ni mizani moja?

Shangazi yangu wa Kisauni na ami wangu wa Majengo, hapa Mombasa, ni ndugu tumbo moja. Shangazi ana goti la chuma, ami ana nyonga ya chuma, na vyote viwili viliingia wadudu, yaani bakteria, mmoja baada ya mwingine. Ami akafunguliwa, akaoshwa, chuma chake kikaachwa palepale, na haikufika mwezi yuko barazani na kikombe chake cha kahawa. Shangazi akatolewa goti lote, akakaa miezi mitatu na kipande cha simenti mguuni, ndo akawekewa jingine. Basi hapo familia ikapata la kusema: "Mwanamume hupewa ya haraka, mwanamke huambiwa subiri."

Mimi ndo niliyekuwa nikizunguka nao, faili kwapani, nikiuliza maswali mpaka wauguzi wakaanza kunikimbia. Sio dakitari mimi, nasema mapema. Lakini kama saa hii umeambiwa wewe au mamako "kuna infeksheni kwenye chuma" na umewekewa njia mbili tatu uchague, hiki ndo nilichotamani mtu angenieleza siku ya kwanza.

Kwanza, unapima kwa nini

Infeksheni ya kiungo bandia sio jambo la kila mtu, ni kama mmoja au wawili kwa kila mia wanaobadilishwa goti au nyonga mara ya kwanza, na ikiwa ni opresheni ya kurudia basi hatari inapanda. Ubaya wake ni kwamba mdudu akishafika kwenye chuma hakai hivihivi, anajijengea utando. Umeona ngazi za bandari ya Mji wa Kale pale maji yanapopiga, ule ute wa kijani unaoteleza? Ndo huo. Ukiwa mchanga unausugua unatoka, ukikomaa hata umwage nini hautoki mpaka uling'oe lile jiwe lenyewe. Antibayotiki inaua wadudu wanaoelea, walio chini ya utando inawapita juu.

Kwa hivyo kipimo cha kwanza ni kalenda, yaani ni siku ngapi tangu opresheni, na ni siku ngapi tangu maumivu yaanze. Cha pili ni mdudu mwenyewe ni nani, na hilo halijulikani kwa kuangalia, lazima maji ya kiungo yavutwe na sindano yapelekwe maabara, na ukifunguliwa wanachukua vipande vya nyama vitano sita, vingine vinaoteshwa hadi siku 14 manake kuna wadudu wavivu. Cha tatu, hali ya mfupa na ngozi. Cha nne, mwili wenyewe: sukari, figo, seli mundu, dawa nyingine unazotumia. Cha tano, nyumbani kuna nani wa kukupikia na kukusindikiza chooni. Na cha sita pesa, hiyo hakuna asiyeijua.

Sasa hili la mwanamke na mwanamume

Nilivyofikiria mimi ni kwamba kuna jibu moja, kumbe ni maswali mawili watu wanayachanganya.

La kwanza: nani anaambukizwa zaidi? Hapa jibu halina utata, rejista za viungo bandia za nchi nyingi zinaonyesha wanaume wanaambukizwa zaidi baada ya kubadilishwa kiungo. Wanaume pia ndo wanaobeba zaidi puani yule mdudu anayeitwa stafilokokasi, mmoja wa wanaoleta infeksheni hizi, wanavuta sigara zaidi, na mzee mwenye tezi dume akishachomwa ganzi ya mgongo mara nyingi mkojo unagoma, anawekewa mpira wa mkojo.

La pili: akishaambukizwa, nani anapona vizuri? Hapa tafiti haziongei lugha moja. Zingine zinaona wanawake wanaumia zaidi, zingine hazioni tofauti, na mara nyingi ukishahesabu umri, uzito, sukari na aina ya mdudu ile tofauti inapungua. Maana yake ni hii, mtu asikwambie "wewe ni mwanamke chagua hii". Swali ni umeingia kwenye infeksheni na mzigo gani. Mwanamke akishapita ukomo wa hedhi mfupa wake unapungua haraka, baridi yabisi ile ya viungo kuvimba inawapata wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume na dawa zake zinashusha kinga, na mkojo mchafu pia unawaandama wao zaidi.

Halafu kuna hili ambalo halimo kwenye damu wala mfupa. Kanada walifanya jaribio, likachapishwa 2008: mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, magoti yao yameharibika kiasi kilekile, wakafundishwa kueleza maumivu kwa maneno yaleyale, wakatumwa kwa madakitari 71. Mwanamume aliambiwa abadilishwe goti na asilimia 67 ya madakitari. Mwanamke, asilimia 33. Hilo ni goti la kwanza, infeksheni haijaingia hapo, lakini mimi nikaona shangazi yangu ndani yake.

Manake shangazi alichelewa. Goti lilianza kuwaka moto usiku, miaka miwili baada ya opresheni, akaenda mahali akaambiwa ni malaria, akameza dawa ya malaria. Halafu akakandwa mafuta ya nazi. Halafu jirani akamwita mtu akapigwa chuku pembeni mwa goti, wallahi nilipoona zile alama za mviringo nilitaka kulia. Kwenye duka la dawa akapewa vidonge, akapata nafuu siku nne, akarudi jikoni. Na ilipotokea tundu dogo likawa latoa maji alilifunika kwa kitambaa wiki nzima, "mwanangu, nimfunulie nani paja langu?" Ami yeye kidonda kililowa siku ya 12 tu, mkewe akamwona, akampakia tuktuk asubuhi hiyohiyo.

Kwa hivyo ukiniuliza kama dakitari alimpendelea ami, ntakwambia hapana, kalenda ndo iliyoamua. Lakini ile kalenda ilikuwa na jinsia yake.

Njia ya kwanza: kuoshwa, chuma kinabaki

*Inavyofanyika.* Unafunguliwa, nyama iliyooza inakatwa, panaoshwa kwa maji mengi, na zile sehemu zinazochomoka, ile plastiki ya katikati ya goti au kichwa cha nyonga, zinabadilishwa. Hiyo plastiki ni muhimu, uliza kabisa kama itabadilishwa na kama ya saizi yako ipo, kuosha bila kubadilisha kunafaulu kidogo.

*Inamfaa nani.* Mwenye infeksheni mbichi: kama wiki nne tangu opresheni, au dalili zimeanza ghafla hazijafika wiki tatu, chuma hakichezi, ngozi ni nzima na hakuna tundu. Nje ya hapo ni bahati nasibu, na hata ndani yake tafiti nyingi zinaangukia kati ya nusu na robo tatu ya wagonjwa kupona. Stafilokokasi aureus ni mkaidi hapa.

*Mwanamke na mwanamume.* Opresheni yenyewe haibagui. Dawa ndo zinataka mazungumzo. Kwa wadudu wa jamii ya stafilokokasi, tangu utafiti wa Uswisi wa 1998, rifampisini pamoja na dawa nyingine ndo silaha ya kupenya ule utando. Hapa kwetu rifampisini tunaijua kwa kifua kikuu, ndo ile inayogeuza mkojo na machozi rangi ya chungwa, usiogope. Haimezwi peke yake hata siku moja, mdudu anaizoea haraka, na lazima kwanza wahakikishe huna kifua kikuu kilichojificha. Lakini dada yangu wa miaka 30 aliyebadilishwa nyonga kwa sababu ya seli mundu, na huku Pwani tunao, asikie hili: rifampisini inaziangusha nguvu dawa za kupanga uzazi, vidonge na hata kijiti cha mkononi. Koili ya shaba haiguswi. Vilevile inagongana na dawa za kuzuia damu kuganda na baadhi ya ARV, dawa za virusi vya UKIMWI: ile ya dolutegravir inabidi imezwe mara mbili kwa siku. Sikumsikia mtu akilisema hilo wodini mpaka nilipouliza.

*Nyumbani.* Nyepesi kuliko zote. Ami alianza kukanyaga palepale, na woka, ile fremu ya kushikilia ukitembea. Sigara ndo ilitushinda, tulimkuta nyuma ya wodi anavuta na kanula mkononi.

Njia ya pili: kubadilisha yote siku moja

*Inavyofanyika.* Chuma cha zamani kinatolewa, nyama na mfupa uliooza unasafishwa mpaka damu safi, vyombo na mashuka ya opresheni yanabadilishwa, kisha chuma kipya kinawekwa palepale, kwa simenti iliyochanganywa na antibayotiki. Walioianzisha ni Wajerumani wa Hamburg, Buchholz na wenzake, tangu miaka ya 1970.

*Inamfaa nani.* Mdudu lazima ajulikane kabla ya kisu, na iwe kuna dawa inayomuua, manake simenti inachanganywa kwa ajili yake. Mfupa uwe bado upo, ngozi ifunike vizuri. Zamani wengi waliona ni njia ya mkato, lakini kuna utafiti wa Uingereza na Sweden uliotoka 2022, watu 140 wenye nyonga zilizoingia wadudu, wakagawanywa kwa kura: siku moja au awamu mbili. Baada ya miezi 18 maumivu na utembeaji vikawa sawa, ila wa siku moja walikuwa mbele miezi mitatu ya mwanzo na gharama ilikuwa chini. Kumbuka hiyo ni nyonga, sio goti.

*Mwanamke na mwanamume.* Hapa mfupa ndo hakimu. Kung'oa chuma kilichoshika vizuri kwenye mfupa mwembamba wa bibi wa miaka 72 ni kama kung'oa msumari kwenye mbao iliyoliwa na mchwa, unatoka na kipande. Sio kwamba wanawake hawafanyiwi, wanafanyiwa, ila eksirei nzuri kabla ni lazima na uliza "mfupa ukivunjika mezani mpango ni upi?" Mwanamume wa kazi nzito mwenye mfupa mnene mara nyingi anafaa, na ndo hukimbilia hii ili arudi bandarini, lakini awe hana sukari iliyopanda wala sigara.

*Nyumbani.* Opresheni ni moja lakini ndefu. Kwa anayetegemewa na nyumba nzima, hii inaokoa miezi.

Shida yake huku kwetu ni kumpata mpasuaji aliyeizoea na vyuma vya kurudia vikiwa tayari siku hiyo, manake chuma cha kurudia sio kama cha kwanza, ni kirefu na seti yake ni kubwa. Usione haya kumuuliza amefanya ngapi.

Njia ya tatu: awamu mbili

Hii ndo ya shangazi na ndo niliyoishi nayo, kwa hivyo mtanivumilia.

*Inavyofanyika.* Awamu ya kwanza chuma chote kinatolewa, panasafishwa, panajazwa kipande cha simenti yenye antibayotiki, wenyewe wanakiita spesa. Unapewa dawa wiki kadhaa. Vipimo vya damu vikitulia na kidonda kikikauka, ndo awamu ya pili, spesa inatoka na goti jipya linaingia. Insall wa New York aliielezea kwa goti mwaka 1983 na bado ndo inayotumika sana kwa infeksheni iliyokomaa.

*Inamfaa nani.* Aliyechelewa, mwenye tundu linalotoa maji (tundu likifika kwenye chuma hilo peke yake ni ushahidi tosha), mdudu hajulikani au ni sugu, mfupa umeliwa. Ripoti nyingi zinaweka mafanikio juu ya asilimia 80. Lakini soma kwa makini, wengi wanahesabu waliofika awamu ya pili. Wapo wanaotolewa chuma na hawarudi kuwekewa, wengine wamedhoofika, wengine pesa imeisha, wengine wamechoka tu.

*Mwanamke na mwanamume.* Tofauti zinaonekana hapa kuliko pengine, na nyingi ziko nyumbani, mezani pa opresheni ni chache. Tuanze na figo. Ile simenti inaachia antibayotiki kama gentamisini au vankomisini mwilini, na mtu mdogo mwenye misuli michache kipimo cha damu cha kreatinini kinaweza kusoma "sawa" wakati figo zimeshapungua, na wanawake wazee wembamba ndo wanaoanguka hapo. Omba kipimo cha figo kirudiwe, usiridhike na cha siku ya kwanza. Pili, spesa ziko aina mbili, ya mguu mgumu kabisa na ya kukunjika kidogo. Shangazi alipewa ya mguu mgumu. Choo chao ni cha kuchuchumaa. Hebu fikiria. Tulinunua kiti cha plastiki, fundi akakitoboa katikati, tukakiweka juu ya choo, na swala akawa anaswali kitini mguu umenyooshwa mbele kama mtumbwi.

Na jiko. Mwanamume akiwa na spesa nyumba inamzunguka. Mwanamke akiwa na spesa nyumba inamsubiri. Wiki ya tatu nikamkuta shangazi amesimama mguu mmoja anakuna nazi kwa sababu "hawa wasichana hawajui kutoa tui". Nilimwambia dakitari na dakitari akasema jambo moja la maana, kwamba alipaswa kutuuliza nani anapika kabla ya kuchagua aina ya spesa. Mwanamke mjane anayeishi peke yake anaweza kukwama katikati ya awamu mbili, na sio kwa sababu ya mdudu.

*Pesa.* Opresheni mbili, vitanda viwili. Ulizieni SHA, bima ya afya ya serikali, inabeba kipande kipi na kibali cha awamu ya pili kinaombwa lini, msingoje mpaka wiki ya mwisho.

Njia ya nne: vidonge vya muda mrefu bila kutoa chuma

Hii haiponyi, mdudu anafungwa kamba tu. Ni kwa mzee ambaye moyo haustahimili kaputi, ule usingizi wa opresheni, au aliyesema "nimechoka na visu", na mdudu ana kidonge kinachomtuliza na chuma hakichezi. Unameza miezi hadi miaka, unapimwa ini na figo. Kwa wake na waume ni ileile, ila wanawake wanaougua fangasi sehemu za siri kwa sababu ya antibayotiki huacha dawa kimya kimya wakaona haya kusema, na wanaume huacha wakijiona wamepona. Ukiacha, mdudu anaamka.

Dawa kwa njia tatu za mwanzo

Watu wengi wanadhani sindano ndo dawa na kidonge ni cha kujifariji. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa 2019, watu 1,054 wenye infeksheni za mifupa na viungo, ulionyesha vidonge vilivyochaguliwa vizuri havikushindwa na dripu. Kwa anayevuka feri ya Likoni kila siku kuja kuchomwa sindano hiyo ni habari kubwa. Na kwa urefu, Wafaransa 2021 walilinganisha wiki 6 na wiki 12: kundi la wiki 6 infeksheni iliendelea kwa asilimia 18, la wiki 12 asilimia 9. Kwa hivyo ukiambiwa miezi mitatu usikate wewe mwenyewe katikati.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Kidonda kimelowa ndani ya mwezi wa kwanza, mwanamke au mwanamume: leo, sio Jumatatu. Kuoshwa bado kuko wazi kwako, kila siku inayopita mlango unafungwa. Na kwa mwanamke anayeona haya kufunuliwa nyonga, omba muuguzi wa kike, usifunike na kitambaa.

Infeksheni ya zamani, mdudu anajulikana, mfupa mzuri, hasa nyonga: uliza kuhusu siku moja, na kama mpasuaji wako haifanyi uliza ni nani anayeifanya. Sio lazima uichague, lakini uisikie.

Tundu linatoa maji, mdudu sugu, mfupa mwembamba: awamu mbili mara nyingi ndo njia, basi kabla ya kusaini kaeni kikao cha familia, nani analala pale, nani anapika, choo kinakuwaje, pesa ya awamu ya pili iko wapi. Kama hakuna majibu, mwambie dakitari wazi, huenda akachagua spesa ya kukunjika au akafikiria siku moja.

Msichana au mama wa umri wa kuzaa: taja njia yako ya uzazi kabla ya rifampisini, hata kama chumbani kuna shemeji. Mtoe nje.

Mvutaji, na wale wanaotafuna majani ya muguka usiku kucha na sigara mkononi: njia yoyote utakayochagua, ngozi lazima ifunge, na moshi hauiachi ifunge.

Na kama ulishaanza kumeza vidonge vya duka la dawa kabla ya kuvutwa maji, usifiche. Wadudu wanaweza kujificha maabara isiwaone, ndo maana kama hali inaruhusu husimamishwa dawa angalau wiki mbili ndo wavute. Beba pakiti zenyewe. Shangazi alikuja na zake kwenye mkebe wa maziwa ya unga, pakiti za aina tatu, moja imekatwa jina lote limebaki "-cilin", na dakitari akakaa na ule mkebe mapajani dakika kumi akizipanga moja moja juu ya faili.